Mume Wangu Alipokwenda Kuchagua Baiskeli

Mume wangu alikuwa mtu wa vitambaa. Kwa muda wote tulioishi Kitale, miaka ya themanini, aliuza nguo katika duka la familia moja ya Wahindi, na kazi hiyo ilimwingia mwilini. Hakuweza kupita kando ya mtu bila kumkagua kola. Tukienda kanisani mimi nilisikiliza mahubiri, yeye alitazama suti. Njiani kurudi aliniambia, kwa uchungu wa kweli, "Yule mzee wa kanisa ameshonewa na adui yake."

Suruali zake zilikuwa na mstari wa pasi ambao ungeweza kukata mkate. Viatu vyake vilikaa sebuleni, si nje, na watoto walijua kwamba mpira unaweza kugonga dirisha na mtu asife, lakini usiguse viatu vya baba.

Halafu ile familia ikafunga duka na kuhamia Nairobi. Walimuaga vizuri, wakampa kitambaa cha suti, wakamwombea heri. Sisi tukafunga virago tukarudi Bungoma, kwenye shamba la baba yake, mbele kidogo ya Kanduyi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na kazi ya kuuza nguo haikuwepo, maana mitumba ilikuwa imeshaanza kumwagwa chini sokoni na kila mtu alijichagulia mwenyewe bila kushauriwa.

Kila asubuhi mume wangu alitia makaa kwenye pasi, akanyoosha suruali, akapaka viatu rangi, akavaa, akatoka. Alikwenda mpaka kwenye kiti kilichokuwa mbele ya nyumba. Hapo akakaa, akitazama barabara mpaka saa ya chai. Hakunung'unika. Mtu anayenung'unika unaweza kumjibu. Huyu alikaa tu, amependeza, na mimi nikipita na debe la maji nilimsalimia kama mgeni.

Mimi nilijua kuoka. Kule Kitale jirani yetu alikuwa mama mmoja aliyetoka sehemu za kati za nchi pamoja na familia yake kuja kulima mahindi mahali paitwapo Kwanza, nje ya mji, na ndiye aliyenifundisha kuoka mkate kwenye tanuri la matofali na pipa. Basi nikajenga tanuri kama lile nyuma ya jikoni. Mikate ya kwanza ilitoka migumu, ikaliwa na watoto kwa adabu. Ya pili ikaliwa na majirani. Baada ya miezi michache wenye maduka ya pembeni, wale walio mbali na lami, wakaanza kuniuliza kama ningeweza kuwaletea. Nilibeba beseni kichwani, lakini kichwa kina mwisho wake. Nilifika Kanduyi nikarudi, na shingo ikaniambia basi.

Siku moja nikasimama mbele ya kile kiti.

"Baba watoto," nikamwambia, "tunahitaji baiskeli ya mizigo. Na mtu wa kuiendesha."

Alitazama viatu vyake kwa muda. Kisha akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu tutoke Kitale nikaona yule mwuza nguo ndani ya macho yake.

"Baiskeli," akasema polepole, "ni kitu ya kuchagua."

Kuanzia hapo kiti kilikaa kitupu. Mume wangu alikwenda kusimama kando ya barabara pale Kanduyi, mikono nyuma, akitazama baiskeli za watu zikipita. Alirudi na ripoti. Ile ya mtu wa maziwa ilikuwa imechoka mabega. Ya mtu wa makaa ilikuwa na miguu mizuri lakini kiuno kimelegea. Ya katekista ilikuwa safi, lakini ya kuonyesha, haiwezi kazi. Alizungumza juu ya baiskeli jinsi alivyozungumza juu ya wateja, na mimi nilifurahi kumwona amepata la kusema. Katika furaha hiyo sikugundua kwamba hakuna siku hata moja aliyogusa baiskeli ya mtu.

"Twende mjini basi, tukaangalie dukani," nikamwambia.

"Bungoma? Hapana, mama. Baisikeri za Bungoma ni za harusi. Baisikeri ya kazi iko Kitare."

Sisi wa Bungoma l na r tunazigawa tunavyotaka, na yeye alipokuwa na jambo zito la kusema, l zote ziliondoka nyumbani. Nilijua basi kwamba amekwisha amua. Kule Kitale alikuwa na rafiki, mzee mmoja wa Kisikh aliyeuza na kutengeneza baiskeli nyuma ya lile duka la nguo. Kwa miaka mingi walikunywa chai pamoja saa nne, mmoja akinuka grisi na mwingine akinuka pamba mpya. Nikaona ni sawa. Ukinunua kitu kizito, nunua kwa mtu anayekujua.

Tukapanda basi asubuhi, tukafika Kitale jua limewaka. Duka lilikuwa vilevile. Baiskeli zilining'inia kwenye boriti za juu, magurudumu ukutani, na kila kitu kilinukia mpira mpya. Nyuma kulikuwa na uwanja wa udongo mgumu uliozungushiwa mabati. Mzee alitoka humo akipangusa mikono, kilemba cha samawati, ndevu nyeupe, na doa la grisi juu ya pua ambalo nadhani alizaliwa nalo.

"Rafiki yangu!" akasema. "Umekuja kuuza mimi suti?"

"Leo nanunua, mzee. Nataka baiskeli."

Mzee akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, macho yakakaa kwenye viatu kidogo.

"Ya nani?"

"Yangu."

"Ya kubeba nini?"

"Mikate."

Mzee akanigeukia mimi. "Mama, mikate kiasi gani?"

Nikamweleza: sanduku la bati, urefu kama huu, limejaa, na pengine juu yake kifurushi cha unga wakati wa kurudi. Barabara ya lami kidogo, iliyobaki udongo, na mvua ikinyesha ni tope. Alisikiliza huku anakuna ndevu. Mume wangu hakusikiliza. Alikuwa ameiona.

Ilikuwa baiskeli ya rangi ya bluu, nyembamba kama twiga mtoto, na gia, na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Alikuwa amesimama mbele yake, kidole gumba na cha shahada vikisugua rangi ya fremu, kama anavyopima kitambaa.

"Hii haichuji," akasema.

"Hiyo," mzee akasema, "ni ya kijana kwenda kuona msichana. Wewe iko na mke hapa nasimama. Weka chini."

Kisha akatutolea nyeusi. Wasomaji wa umri wangu wanaijua: ile nyeusi ndefu yenye chuma kinene cha juu, breki za vyuma, siti yenye springi kama za kitanda. Lakini mzee hakutaka tutazame rangi wala jina. Alituonyesha stendi kwanza. Stendi ya miguu miwili, akasema, kwa sababu mizigo inapakiwa baiskeli ikiwa imesimama, na stendi ya mguu mmoja itakulalia na mikate yako ukiwa bado unafunga kamba. Akaonyesha keria, kile chuma cha nyuma cha kubebea mzigo, akaiegemea kwa uzito wake wote kuona kama inapinda. Akachukua bisibisi akagonga spoku za gurudumu moja baada ya nyingine, akaniambia nitege sikio: zilizokazwa zililia, iliyolegea ilikohoa. Akasema mkate si mzito lakini sanduku ni refu, na upepo wa pembeni utalisukuma, kwa hiyo keria iwe chini, karibu na gurudumu, na iungwe kwa vyuma vya ziada mpaka kwenye ekseli, katikati ya gurudumu. Nilielewa kila neno. Mume wangu alitikisa kichwa kukubali kila baada ya sentensi, kwa heshima, akiitazama ile ya bluu.

"Sasa," mzee akasema, "jaribu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya duka lake. Baiskeli ya mizigo hakumuuzia mtu mpaka mtu huyo aizungushe uwanjani akiwa na gunia la mahindi nyuma. Alisema amechoka na wateja wanaorudi baada ya wiki wakidai baiskeli imepinda, kumbe waliopinda ni wao.

Mume wangu aliinama akatazama suruali yake.

"Mzee, hii ni suruali ya safari," akasema. "Si vizuri. Nitarudi na ya kazi."

Ndivyo tulivyorudi Bungoma mikono mitupu. Ndani ya basi alinieleza kwamba yule mzee siku hizi amekuwa na maringo, na kwamba mteja ni mteja, hafanyiwi mtihani. Nikamwambia mbona ni kuzunguka tu. Akageukia dirishani akapendezwa sana na mahindi.

Safari ya pili alivaa suruali ya kazi. Ilikuwa imepigwa pasi. Mzee alikuwa amekwisha andaa baiskeli tatu nyeusi uwanjani, na gunia limefungwa kwenye ya kwanza. Wateja wengine wawili walikuwa wameegemea mabati wakisubiri kuzibiwa pancha, na bila shaka walikuwa na muda wa kutazama.

Mume wangu akaiendea ya kwanza. Akaishika usukani, akaichungulia kwa mbele, akafumba jicho moja.

"Hii inaenda kushoto."

"Bado haijaenda popote," mzee akasema.

"Naona tu. Inataka kushoto."

Mzee akahamishia gunia kwenye ya pili. Mume wangu akabonyeza kengele. Akabonyeza tena. Akaisikiliza kengele ile muda mrefu, kichwa upande, kama mtu anayesikiliza habari za vifo redioni.

"Kengele haina nguvu."

"Kengele nabadilisha. Panda."

"Tena hii goti langu, mzee, tangu majuzi..."

"Ya tatu basi. Ile siti yake laini. Goti napenda."

Ya tatu mume wangu aliikamata kwa mikono yote miwili na kuisukuma hatua chache, na hapo ndipo nilipoona. Nilikulia Malakisi, nyumbani kwa mkulima wa tumbaku. Marobota ya tumbaku ya baba yangu yalikwenda kituo cha kununulia yakiwa juu ya baiskeli, na watoto wote tulisukuma kwa nyuma. Mtu anayejua baiskeli husimama kushoto kwake na mwili wake unajua pedeli iko wapi bila kuulizwa. Mume wangu alisimama kulia, amejipinda mbali nayo kama anayeongoza ng'ombe asiyemwamini, na pedeli ilimgonga muundi, ikazunguka, ikamgonga tena. Hakulia. Alisema tu "Aha," kama kwamba amethibitisha jambo.

Nikatazama uso wake. Jasho lilikuwa limetokeza chini ya pua. Mzee naye, nadhani, alikuwa amejua kabla yangu, labda tangu siku ya suruali ya safari, maana alianza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwemo.

Nikaenda mpaka alipo, kama anayekwenda kushauriana juu ya rangi. Akaniambia kwa Kibukusu, midomo haichezi, "Mama watoto, hii kitu mimi sijawahi kuipanda."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Tulikuwa na watoto wanne. Tulikuwa tumeishi chumba kimoja, tumeuguzana, tumezika wazazi. Nilijua anavyokoroma akilala chali na anavyokoroma akilala ubavu. Na hili sikulijua. Baadaye, tukiwa nyumbani, alinieleza: kwao hakukuwa na baiskeli, na wavulana walijifunza kwa kuazima, na yeye aliona aibu kuomba. Akasubiri kidogo. Kisha akawa mkubwa, akavaa viatu vya ngozi, ule umri wa kuanguka mbele ya watu ukawa umempita. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kitale alitembea kwa miguu, na kwa jinsi alivyotembea, watu waliona ni maringo.

Lakini pale uwanjani hapakuwa na nafasi ya kueleza. Nilimpa mkoba wangu.

"Nishikie," nikamwambia.

Kumbe na mimi nilikuwa na langu ambalo hakuwahi kuniuliza. Nilijifunza baiskeli ya baba nikiwa msichana mdogo, mguu mmoja umepitishwa katikati ya fremu kwa sababu juu sikufika. Nikaendesha mpaka nilipovunja ungo, ndipo shangazi zangu wakasema basi, msichana gani anapanda chuma. Nilipoolewa ilikuwa imekwisha sahaulika, hata na mimi mwenyewe, nilivyodhani.

Nikafunga leso vizuri kiunoni, nikaikunja sketi, nikaondoa stendi. Gunia likanivuta nyuma. Nikasukuma hatua tatu, nikarusha mguu juu ya chuma kile kinene, jambo ambalo mwanamke wa umri wangu na uzito wangu hakutegemewa kulifanya hadharani Kitale, na nikakaa. Mwanzoni usukani ulitetemeka kama una homa. Kisha miguu ikakumbuka. Nikazunguka uwanja ule, nikapita mbele ya wale wa pancha, mmoja wao midomo wazi, nikazunguka tena kwa upande mwingine ili nione inavyogeuka ikiwa na mzigo. Ilikuwa nzito na tulivu. Haikwenda kushoto. Nikapiga breki mbele ya mzee, nikashuka.

"Ya tatu ndiyo," nikasema. "Lakini spoku za nyuma zikazwe."

Mzee alianza kucheka taratibu, kuanzia tumboni, mpaka kilemba kikatikisika na akalazimika kushika mabati. "Mama!" alisema. "Mama! Miaka yote hii mimi nakunywa chai na mtu wrong!"

Ndipo mume wangu akajitokeza na mkoba wangu mkononi, kifua mbele.

"Mimi ndiye nilimfundisha," akawaambia wale wateja.

Sikusema neno. Hata leo sijasema, ila hapa.

Baiskeli ilikwenda Bungoma juu ya basi, imelala kati ya magunia na kuku. Iliposhushwa kwenye kituo cha basi, mume wangu aliipokea kama bibi harusi. Akaisukuma kutoka mjini mpaka nyumbani, njia yote, akisimama kusalimiana na kila mtu.

"Mbona huipandi, bana?" watu walimuuliza.

"Ni mpya. Vyuma lazima vizoeane kwanza."

Jibu hilo lilikubalika. Jirani mmoja hata aliniambia baadaye kwamba na yeye akinunua yake ataifanyia hivyo.

Masomo yalianza alfajiri iliyofuata, kwenye uwanja wa mpira wa Kanduyi, kabla watu hawajaamka. Hivyo ndivyo tulivyodhani. Kumbe Kanduyi haina saa ambayo watu hawajaamka. Mimi nilishika keria kwa nyuma nikikimbia, yeye juu, amenyooka kama mlingoti, akipiga kelele, "Usiniache! Mama, usiniache!" Mama mmoja aliyekuwa akipeleka uji kwenye kituo cha basi alisimama akatazama mwanamke anayemkimbiza mwanamume huku amemng'ang'ania, na mwanamume anayelia asiachwe, na akashindwa kuamua amhurumie nani. Siku ya pili yule katekista mwenye baiskeli safi alitusimamisha. Alitushika mikono yote miwili, akatuambia kwamba ndoa ina majaribu, lakini si vizuri kuyaleta uwanjani.

Alianguka. Alianguka kushoto, akaanguka kulia, mara moja alianguka baiskeli ikiwa imesimama kwenye stendi. Lakini nilishangaa: hakukasirika. Mtu yule aliyeogopa vumbi kwenye kola alijipangusa magoti akapanda tena. Asubuhi moja nilikimbia nikiwa nimeshika keria, kisha nikawa ninakimbia bila kushika, kisha nikasimama nikishika kiuno, naye akaendelea mbele peke yake, akizungumza nami kwa sauti juu ya namna ya kupanga mikate kwenye sanduku. Aligundua nilikuwa mbali. Hakugeuka. Alikwenda mpaka kwenye goli la mbali, na pale akajiegemeza kwenye mlingoti wa goli, akaukumbatia.

Hilo ndilo lililobaki. Kupanda alijua, kwenda alijua. Kushuka hakukujua kamwe. Nilimfundisha kwa kila namna, lakini mguu wake wa kulia ulikataa kuvuka chuma wakati magurudumu yanazunguka. Kwa hiyo alishuka penye kitu cha kujiegemeza tu. Ukitazama njia yake ya mikate, ungedhani imepangwa na mwendawazimu. Duka kubwa karibu na lami lilirukwa. Kiduka kidogo ndani ndani kilipata mikate kila siku, kwa sababu kilikuwa na baraza la saruji lenye kimo cha mguu wake. Mwenye duka mmoja, mjane mwenye akili, alipochoka kukimbilia mikate inayopita, alichimba shimo mbele ya mlango wake akasimika nguzo. Siku ya pili mume wangu akasimama pale kama basi kwenye kituo chake. Wengine wakaiga. Wakati fulani ungeweza kujua maduka ya wateja wetu kwa nguzo zisizo na kazi nyingine.

Siku moja alikuta chifu ameitisha baraza katikati ya njia, watu wamekaa kwenye nyasi pande zote mbili. Hapakuwa na nguzo wala mti wa karibu. Mume wangu, suruali yake ina mstari, sanduku limejaa, alipita katikati ya mkutano akampigia chifu saluti. Mbele njia ilikuwa imezibwa na gari la serikali, ikabidi ageuke, apite tena, na saluti ya pili. Chifu akasimama kumpokea. Nasikia alipiga mfano juu yake kwa muda, kwamba hivi ndivyo mwananchi anavyopaswa kuwa, mchapakazi na mwenye nidhamu.

Siku ya kwanza kabisa aliyomaliza njia yote, alirudi jioni na sanduku tupu, akajiegemeza kwenye ukuta wa jiko, akashuka kwa taratibu. Akakaa kwenye kigoda karibu nami, si kwenye kile kiti chake. Mguu wa kulia wa suruali ulikuwa na grisi ya mnyororo, doa refu kutoka kifundoni mpaka karibu na goti. Nikainuka kutafuta sabuni.

"Wacha," akasema.

"Itashika. Haitatoka."

"Wacha ishike."

Akaitazama grisi ile kwa muda, kisha akaomba chai, akanywa vikombe viwili bila kuzungumza juu ya kola ya mtu yeyote.

Miaka michache baadaye malaria ilimlaza wakati wa mvua ndefu, na mikate haikuweza kungoja. Nikafunga sanduku mwenyewe nikaenda. Mama mdogo wa mume wangu, aliyekuwa akiishi nasi wakati huo, alifunika uso kwa kanga nilipopanda, na akaufunika hivyo mpaka niliporudi, kwa mujibu wa watoto. Njiani watoto wa shule walinishangilia, wanaume wawili wakanitukana, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia alisimamisha jembe akanipigia kigelegele peke yake katikati ya shamba. Nilisimama popote nilipotaka. Duka kubwa la karibu na lami lilipata mikate, na mwenyewe alitoka nje kuhakikisha hajaota.

Mume wangu alipopona akasikia sifa hizo. Wateja, bila ubaya, walikuwa wakimuuliza, "Na mama atarudi lini?" Alivumilia wiki moja. Ya pili akatia makaa kwenye pasi, akavaa ile suti ya kitambaa cha kuagwa, akasema anakwenda Kitale kumsalimu rafiki yake.

Alirudi siku ya pili jioni, akiendesha. Alikuwa amekuja na baiskeli nyingine, kutoka Kitale mpaka kwetu, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, na alikuwa ameshuka njiani, akasema, mara mbili tu. Sikuuliza kwenye nini. Ilikuwa baiskeli ya mizigo, keria chini, stendi ya miguu miwili. Lakini haikuwa na kile chuma cha juu, na rangi yake ilikuwa ya kijani kibichi ambayo sijawahi kuiona kwenye chombo cha kazi, wala kabla wala baadaye.

"Ni yako," akasema, amekumbatia ukuta wa jiko. "Nimeizungusha mwenyewe uwanjani. Na gunia."

"Mzee alisema nini?"

"Alisema rangi ni mbaya. Nikamwambia yeye ni mtu wa vyuma, rangi aniachie mimi."

Nikaizunguka. Nikabonyeza keria, nikapiga spoku kwa ukucha, zikalia. Siti ilikuwa juu mno. Akaingia ndani akaleta spana, akaishusha, akanitazama miguu, akaishusha tena kidogo, ameinama kama anavyopimia mteja urefu wa suruali. Mama mdogo alikuwa mlangoni na kanga yake. Watoto walikuwa wamekaa juu ya mti wa mpera.

Nikapanda. Nikaenda mpaka barabarani, nikageuka, nikarudi. Kisha nikaenda tena.